Funguo Tano za Induru

Induru ya Lukmani ilifika Kasulu baada ya Lukmani mwenyewe.

Maiti ilikwisha kuteremshwa kwenye pikipiki ya Niyitegeka, imefungwa kwa mipira kama gunia la maharage, bega la kushoto limebaki na ngozi tu. Wanawake walikwisha kuanza kulia. Ndipo simu za madereva, zaidi ya mia tatu, zikaita kwa pamoja mifukoni: INDURU, KONA YA MIKARATUSI, HIACE YA LUKMANI. Safina, mkewe, aliisoma akiwa ameshika miguu ya mumewe ambayo haijapoa sawasawa. Akaangalia saa iliyobonyezwa, akaangalia saa iliyofika. Dakika arobaini. Kwa dakika arobaini mtu anaivisha ndizi na kula na kulala kidogo. Wale wenye mapanga walihitaji nne.

Kwa Waha induru, ukunga wa kuomba msaada, si kelele, ni sheria. Ukiisikia unatoka na ulichoshika: mwenye jembe na jembe, mwenye mwiko na mwiko, na aliyekuwa chooni atajua mwenyewe. Anayepiga induru lazima aitikiwe, hata kama ni mchawi, hata kama jana mmegombania mpaka wa shamba. Fundi Leonidasi wa Kibondo ndiye aliyeiingiza sheria hiyo kwenye simu, mwaka ule mdogo wake alipopigwa risasi njiani akapiga kelele asisikiwe na yeyote isipokuwa nyani. Dereva akiona majambazi anabonyeza. Mwenye kitochi, simu ndogo ya vitufe, anatuma neno moja kwenye namba, mwenye simu kubwa anagusa alama nyekundu, na wenzake wote toka Kasulu mpaka Kakonko wanajua pa kukimbilia na pa kutokanyaga.

Na fundi hakuiuza. Aliiacha huria. Mistari yote ya programu aliianika mtandaoni kama mihogo juu ya mwamba: anayetaka aisome, achukue nakala, akiona tundu alete kiraka. Walioleta viraka walikuwa wengi. Safina, fundi simu wa sokoni Kasulu, alileta vinane. Lakini kiraka hakishonwi mpaka mwenye ufunguo akubali, na ufunguo ulikuwa mmoja tu.

Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi. Haendi sokoni, hajipambi, halali nje. Hakuna aliyemkataza kusoma mistari ya programu. Siku ya tisa Safina aliupata mstari uliomuua mumewe. Ulikuwa umejificha ndani ya kiraka kilichoitwa "kupunguza kelele", ambacho madereva wote walikisifu kwa sababu kilizuia induru moja isilie mara tano. Katikati ya mistari mia mbili yenye adabu zake, mmoja ulisema: induru yoyote itokayo karibu na Kona ya Mikaratusi isubirishwe dakika arobaini.

Aliyekileta kiraka: Tharsisi wa Kasanda. Aliyekikubali: Tharsisi wa Kasanda.

Chini yake palikuwa na onyo la miezi mitatu nyuma, la Aksanti, Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu: "Ndugu Leonidasi, hii kiraka iko na mambo. Juu ya nini inangojea pale pa kona? Minaona haiko muzuri." Jibu lilikuwa moja, la mtu asiye na sura: akatengeneze barabara za kwao kwanza. Wengine walikuwa wamecheka.

Safina aliandika alichokiona, akakibandika kwenye ubao wa programu, hadharani. Ndiyo desturi ya kazi huria, kasoro haifichwi. Desturi nzuri sana, ila mwizi naye alisoma shule.

Kisha akaenda uani. Kudra, mama wa marehemu Lukmani, muuza migebuka, alikuwa anakwaruza magamba kama anayemkwaruza mtu.

"Mama, nataka kwenda Kibondo."

"Eda imekwisha siku tisa? Yako ni ya kuku?"

"Aliyemuua Lukmani nimemwona."

Kisu kikasimama. "Wapi?"

"Humu." Safina akamgeuzia kompyuta.

Kudra akakunja jicho moja. "Mimi naona sisimizi."

"Mmoja wao ndiye. Na ataua wengine, mama. Ufunguo bado anao yeye. Lazima niende kwa fundi tumnyang'anye."

Bibi alimaliza kukwaruza samaki mmoja. "Dharura ya mchana shehe ameiruhusu," akasema. "Utoke na jua, urudi na jua. Likizama uko barabarani, usigonge mlango wangu. Nenda kalale kwa huyo sisimizi."

Alfajiri ilipokuwa inakunjua nguo zake Niyitegeka alikuwa mlangoni na pikipiki. Alikuwa mwenyekiti wa bodaboda, rafiki wa Lukmani, mtu mwenye kifua kama mlango wa ghala na kitochi kilichofungwa kwa raba.

"Shika vizuri, shemeji. Nikifa leo ni mashimo, si majambazi."

Walifika Kibondo saa tatu. Niyitegeka akaenda stendi kuzungumza na wenzake, Safina akaingia kwa fundi. Apoline, mke wa Leonidasi, alikuwa anachemsha mawese uani. Fundi mwenyewe alikuwa amekaa juu ya kinu kilichoinamishwa, na alipomwona mgeni hakuinuka. Kabla ya kuwa fundi wa simu alifyatua matofali miaka ishirini, na vidole vyake vilikuwa laini kama sabuni iliyokwisha.

"Nimesoma tangazo lako," akasema. "Nitemee mate kwanza, halafu tuzungumze."

"Mate yangu yameisha msibani, fundi. Ulimpaje mtu ufunguo?"

"Nilichoka, mwanangu. Presha, na kila asubuhi matusi. 'Mzee umekufa?' 'Programu yako inachelewa kama posa ya maskini.' Tharsisi peke yake alinisalimu. Mwakeye, data: umeamkaje, baba, umelalaje. Kiha safi, kile cha bibi zetu. Miaka miwili analeta viraka, hakosei hata nukta. Halafu wakaanza watu, majina siyajui: mpe Tharsisi, wewe pumzika. Nikampa. Asubuhi yake jina langu akalitoa."

"Hao watu walikuwa yeye mwenyewe amevaa kofia tofauti."

"Sasa najua."

"Ulishamwona sura?"

"Alikuwa anaandika Kiha, Safina! Mtu anayeandika Kiha namna ile nimwombe kitambulisho?"

"Na Aksanti aliyekuonya?"

Leonidasi akatazama mawese. "Aliandika Kiswahili cha Kongo."

Safina alitaka kupiga kelele, akaongea taratibu, na ikawa mbaya zaidi. "Ukitoa kipande cha shamba unaita majirani. Mtungi unawekwa katikati, kila shahidi na mrija wake, ndipo mpaka unapandwa. Mimi pombe sinywi lakini kazi ya mtungi naijua. Roho za watu mia tatu umezitoa bila hata chai?"

Fundi akalia. Apoline akasema kutoka jikoni kwamba machozi yasubiri, waseme kinachofanyika. Cha kufanya kilikuwa rahisi kukisema. Programu ni huria, nakala iko kila mahali, kwa hiyo wangechukua nakala, waufute ule mstari, waanze upya, kama kijiji kinavyohama na kumwachia mtemi mbaya nyumba tupu. Shida ilikuwa namba. Wenye vitochi wote walituma induru kwenye namba moja, na kadi ya laini hiyo Leonidasi alikwisha kumpelekea Tharsisi kwa basi, kwa kuwa Tharsisi alisema kwake umeme haukatiki. Kuirudisha namba ilibidi mwenye laini aende kwa wakala wa simu, mashine isome alama ya kidole chake.

"Kidole kipo," akasema Apoline. "Siku ya kusajili mashine ilikataa tisa. Nikamwambia yule binti ajaribu na vya miguuni."

Hawajamaliza kucheka, pikipiki ikazima nje.

Waliingia wawili. Mmoja jitu, na gobore begani. Mwingine kijana mwembamba, shati jeupe limepigwa pasi, panga limelazwa kwapani kama gazeti.

"Mwakeye, data," akasema kijana, na Leonidasi, kwa mazoea ya miaka miwili, akatabasamu. Tabasamu lilikaa usoni peke yake, mwenyewe ameshaondoka.

"Wewe ndiye Tharsisi."

"Ndiye. Nimesoma tangazo la dada. Mstari wa mia na kumi na nne, kweli kabisa. Una jicho, dada." Jitu likamwangusha Safina kwa kitako cha gobore, likamkanyaga shingo. Tharsisi akachuchumaa mbele ya fundi kama mkwe anayeomba radhi. "Sikuui, data. Ukifa wataandika cheti, laini itafungwa, na laini ile ndiyo inayonieleza kila gari liko wapi. Nakutakia uzima na afya. Nataka kidole tu, usije ukaenda kwa wakala ukaniharibia."

"Mwanangu..."

"Pole, data."

Aliuweka mkono wa kulia wa mzee juu ya ukingo wa kinu, akaunyoosha kwa upole, akapiga. Mara ya kwanza mfupa ulikataa. Mara ya pili kidole gumba kiliruka, kikatua kwenye ungo wa unga wa muhogo, kikasimama wima, kama kinasifu kazi. Leonidasi alitoa sauti ya ndama. Tharsisi akakichukua, akakifunga kwenye leso kama mtu anayebeba pilau ya watoto.

Alisahau kuwa nyumba ina mwanamke. Apoline alikuja na sufuria nzima. Mawese yanayochemka hayana haraka kama maji, yakikuangukia yanakaa. Yalimpata Tharsisi kuanzia sikioni kushuka ndani ya kola, na ngozi ikaanza kuhama. Alipiga mayowe kwa Kiha safi, kile cha bibi zetu. Jitu likageuka, likampiga Apoline mdomoni kwa kitako cha bunduki, meno mawili yakatoka na damu. Safina akageuza shingo, akauma shavu la mguu uliomkanyaga, akauma mpaka meno yakakutana.

"Induruuu!" Apoline akapiga na mdomo uleule uliovunjika.

Milango ikafunguka mtaa mzima. Jitu likachechemea, likamburuta mwenzake mpaka kwenye pikipiki. Njiani likaikanyaga simu ya Safina ikawa chapati. Wakatoweka, upepo wa kuku na vumbi.

Apoline alikuwa anamfunga mumewe kwa kanga aliposikia anacheka. Akadhani akili zimetoka na damu.

"Wamechukua cha kulia," Leonidasi akasema.

Apoline akatema kipande cha jino. "Mashine ilisoma cha kushoto."

"Kidogo. Cha mwisho kabisa."

"Nilikuwepo. Twende kabla hujazimia, maana ukizimia sikubebi."

Binti wa uwakala alipoona kanga inachuruzika alisimama juu ya kiti. "Baba, unatoka damu! Nenda hospitali!"

"Huo si mkono wako, mjukuu. Wa kwako ni huu." Akaweka kidole kidogo cha kushoto juu ya kioo. Mashine ikafikiri. Ikakataa. Apoline akakilamba, akakipangusa kwa upindo wa gauni, akakirudisha. Mashine ikakubali. Huko Kasanda, kwenye droo ya mtu, kadi ya laini ikafa kimyakimya, mwenyewe akiwa hayupo kuizika.

Hospitali walimshona fundi, akarudi nyumbani kwa ukaidi, mkono mkubwa kama kichwa cha mtoto. Safina alikuwa amekwisha kushusha nakala kwenye kompyuta ya fundi, na kwenye simu ya Apoline, sauti imefunguliwa, alikuwepo Aksanti toka Nyarugusu, wanafuta mstari pamoja.

"Aksanti, tulikutukana," Leonidasi akasema.

"Haina shida, papa. Muliniambia nitengeneze barabara ya kwetu. Sasa niko natengeneza ya kwenu."

"Nakupa ufunguo wewe na Safina."

"Hapana," akasema Safina. "Jogoo mmoja akichinjwa kijiji hakiamki. Funguo ziwe tano, na kiraka kisishonwe mpaka watatu wakubali. Anayeshika ufunguo aonekane sura. Wewe, Aksanti, mimi, Niyitegeka kwa ajili ya bodaboda. Na mama Kudra."

"Kudra! Hata kuwasha kompyuta hajui!"

"Ndiyo sababu. Kazi yake ni kukataa mpaka aelezwe akaelewa. Ule mstari wa dakika arobaini ungemweleza vipi muuza samaki akakubali?"

Kudra akapigiwa simu, akauliza kwa nini mara sita, kisha akaweka namba yake ya siri kwenye kitochi na kutangaza kuwa hatamwambia mtu, hata malaika. Majirani wakaleta mtungi. Niyitegeka, aliyerudi stendi anahema kwa kuambiwa habari, akachukua mrija wake. Leonidasi alishika wake kwa kushoto. Safina alikunywa soda kwa mrija wa soda. Simu ya Aksanti iliegemezwa kwenye mtungi, akanywa kwa masikio. Mashahidi kumi na moja wakaona.

Lakini kazi ilikuwa nusu. Wenye vitochi walihama na namba. Wenye simu kubwa, yaani mabasi na hiace, walibaki na programu ya zamani, na ufunguo wake ulikuwa ndani ya simu ya Tharsisi. Simu ile ilifunguka kwa kidole cha Tharsisi, cha mtu hai.

"Tutampata wapi?" akauliza Apoline.

"Jua halingoji," akasema Safina. "Mimi narudi."

Niyitegeka aliendesha kama anayedaiwa na upepo. Saa tisa na nusu kitochi chake kililia kifuani, akasimamisha. INDURU, KONA YA MIKARATUSI. Imetumwa na bodaboda mmoja mwenye kitochi, saa tisa na dakika thelathini. Saa yake ilikuwa saa tisa na dakika thelathini.

"Shemeji," akasema, na sauti ikamkatika. "Imefika sasa hivi."

Kila njia ya panya ilitoa pikipiki. Walitoka mashambani, walitoka vilabuni, mmoja alikuja na abiria wake mjamzito aliyekataa kushuka akidai naye anataka kuona. Wale majambazi walikuwa wamesimamisha hiace, wanapekua abiria polepole, watu wenye dakika arobaini mkononi. Zilipopita tano tu, kona ilijaa. Jitu likafyatua gobore, na gobore ni kama mkwe mzee: husema mara moja, kisha lazima lipakiwe upya. Risasi za vyuma ziliingia tumboni mwa kijana mmoja wa bodaboda, wa Titye. Jitu halikupakia tena. Walilishusha kwa mawe, kisha kwa minyororo ya pikipiki, na Safina alipofika lilikuwa halina tena upande wa mbele na upande wa nyuma. Jambazi mwingine alikuwa mtaroni, mguu mmoja ukichezacheza kama wa kuku, halafu ukaacha.

Abiria wa hiace na wa basi lililosimama nyuma yake walikuwa wamekalishwa kivulini, wamechanganyika. Mmoja wao, kijana mwembamba aliyejifunika shuka ya mtu, alikuwa anawasimulia vijana jinsi alivyoponea. Alisimulia kwa Kiha kizuri mno. Walikuwa wanampa maji. Mama mmoja alikuwa anampepea.

Safina alipita, akarudi. Shuka ilikuwa imeteleza. Shati jeupe, na kutoka sikioni mpaka mgongoni rangi ya machungwa. Damu inaweza kusingiziwa mtu yeyote. Mawese hayatoki kwa maji, hayatoki kwa sabuni, na hayasingiziwi.

"Huyo," akasema. Hakupaza sauti. "Huyo ndiye Tharsisi. Mtazameni mfukoni mna kidole cha fundi."

Wakakitoa, ndani ya leso. Yule mama aliyekuwa anapepea ndiye aliyepiga wa kwanza, kwa upepeo uleule, kisha kwa kiatu. Kisha Safina hakuona tena shati, aliona migongo. Alisikia mbavu. Moyo wake ulitulia kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi. Ulitulia kama mtu aliyeshiba. Mmoja akaanza kufyonza petroli kwenye tangi kwa mrija.

Hapo ndipo alipokumbuka simu.

Mtu akifa kidole chake hakifungui kitu. Nusu ya madereva wa barabara ile wangebaki na dakika zao arobaini, na genge la Tharsisi halikuwa watu watatu tu. Safina alijitupa. Alipita kati ya miguu, akamlalia muuaji wa mumewe kifudifudi, na mawe mawili yaliyokuwa yamekwisha kurushwa yalimpata yeye, moja mgongoni, moja kisogoni.

"Shemeji, toka!" Niyitegeka alikuwa ameinua mnyororo.

"Mkono wake! Nipeni mkono wake wa kulia!"

Tharsisi alikuwa na jicho moja linalofanya kazi. "Induru," alikuwa ananong'ona, mdomo umejaa matope. "Induru. Induru."

Alimpapasa, akapata simu, kioo kimepasuka lakini kinawaka. Kidole gumba kilikuwa na damu, haikukisoma. Akakifuta kwa mtandio wake mweupe wa eda, mara ya pili haikukisoma. Akakiweka mdomoni kama Apoline alivyofanya, akaonja damu ya mtu yule, akatema, akakigandamiza. Ikafunguka.

Alifanya kazi amemkalia, watu mia mbili wamesimama juu yake wanahema. Akatoa jina la Tharsisi. Akaweka matano. Akafuta mstari wa mia na kumi na nne. Mara simu ya dereva wa ile hiace, kisha ya basi lililokuwa limesimama nyuma, kisha ya kila mwenye simu kubwa pale kwenye kona, zikalia kwa pamoja. Ilikuwa induru ya dereva wa hiace, aliyoibonyeza mwenyewe kabla hajaburutwa nje. Ilikuwa imezuiliwa. Dereva aliitazama simu yake, akakaa chini, akatapika.

"Umemaliza, shemeji?" akauliza Niyitegeka. "Sogea basi."

Harufu ya petroli ilikuwa karibu. Safina hakusogea.

"Funguo ni tano," akasema. "Watatu."

"Hiki si kiraka!"

"Aliingia kwa sababu mtu mmoja aliamua peke yake. Watatu, Niyitegeka. Piga simu."

Bodaboda walinung'unika, lakini mwenyekiti wao alikuwa amenyonya mrija mchana uleule mbele ya mashahidi, mdomo ulikuwa bado na ladha. Alipiga kwa Leonidasi na Nyarugusu, sauti akaifungua.

"Mimi nasema afe," Niyitegeka akaanza.

Leonidasi alikuwa mtu mpole aliyelea hata panya wa dukani kwake. "Afe," akasema.

"Mimi ninakatala," akasema Aksanti. "Kwetu ilianza vile vile, na petroli. Haikuisha."

Wote wakamtazama Safina. Alikuwa bado amemkalia mtu, anausikia moyo wake ukigonga chini ya paja. "Namtaka hai," akasema. "Nimebakiza miezi minne ya kukaa ndani. Nina maswali ya kumpelekea."

Wawili kwa wawili. Ikabaki Kudra. Kudra alipokea akiwa sokoni, nyuma yake watu wanabishania bei ya dagaa. Akaelezwa. Akasema hajaelewa. Akaelezwa tena. Kisha akauliza, na kona nzima ikasikia:

"Huyo mtu anasemaje?"

"Hasemi kitu, mama. Ananong'ona tu."

"Ananong'ona nini?"

Safina akaisogelea simu. "Induru."

Upande wa pili dagaa wakaacha kubishaniwa. Mtu akadhani simu imekatika, akaitikisa.

"Mwanangu naye aliipiga," Kudra akasema. "Hakuitikiwa. Mimi siwezi kuwa kama hao." Akavuta kamasi. "Anayeipiga huitikiwa. Mpelekeni polisi." Kabla hawajapumua akaongeza: "Lakini sikusema afike akitembea."

Umati ule neno la mwisho ulilisikia vizuri kuliko la kwanza. Safina alisimama, akapangusa magoti, akaenda kupanda pikipiki, na nyuma yake kukasikika kitu kama kuni kavu, mara mbili, na sauti iliyopiga induru kwa nguvu zake zote. Hakugeuka. Kijana wa Titye alipakiwa kwenye hiace kukimbizwa hospitali. Tharsisi alilazwa chini, kati ya viti, mahali pa mizigo.

Walipoingia Kasulu jua lilikuwa limekalia ukingo wa milima, limebaki kipande. Kudra alikuwa mlangoni, magamba ya samaki mikononi yanameta. Alitazama mtandio wenye damu, akatazama kisogo kilichovimba, akatazama milima.

"Ni nusu," akasema.

"Nusu nayo ni jua, mama."

"Ingia." Akampisha, akafunga mlango, akavuta kigoda mpaka mbele ya kompyuta. "Sasa nionyeshe yule sisimizi."

"Nimemfuta, mama."

"Nionyeshe alipokuwa."